Ukumbi Usio na Kuta: Habari za Sinema na Nyumba za Muziki za Zamani

Leo twataka kuzungumza habari za majumba ya sinema na kumbi za muziki za zamani. Yamkini mtu wa Gwata atatuuliza, "Mambo hayo ya mjini yatuhusu nini sisi wa shamba? Kwetu hapakuwa na jumba la sinema, wala ukumbi wa viti na taa." Swali hilo ni la haki, nasi hatutaki kulikwepa. Twalifanya liwe mlango wa kuingilia katika mazungumzo yetu, kwa maana jibu lake ndilo jambo lenyewe tunalotaka kulisema.

Kwanza na tujue mahali tusimamapo. Gwata yetu iko katika mkoa wa Pwani, katika nchi ya Wakwere na Wazaramo, wilaya ya Kibaha, ambayo zamani ilikuwa sehemu ya wilaya ya Kisarawe. Upande wa mashariki iko Dar es Salaam, na upande wa magharibi iko Morogoro. Reli ya kati, iliyofika Morogoro mwaka 1907, ilikata pande hizi na kuweka stesheni Soga, Ruvu na Ngerengere. Basi mtu wa Gwata amekaa katikati ya miji miwili, na miji yote miwili ilikuwa na sifa ya muziki na michezo. Aliyekwenda mjini kuuza mazao, au kufanya kazi ya kibarua, alirudi na vitu viwili: bidhaa mkononi, na habari kinywani.

Lakini kabla hatujafika mjini, yatupasa kukumbuka kwamba wazee wetu walikuwa na ukumbi wao. Ukumbi huo haukuwa na kuta wala paa. Ulikuwa uwanja uliofagiliwa vizuri, chini ya mwembe au mbele ya nyumba ya mwenye shughuli. Hapo ndipo ilipochezwa ngoma ya mdundiko, ambayo watu wake hawakai mahali pamoja, bali hutembea njia nzima wakicheza, na kila wapitapo wengine hujiunga nao. Hapo ndipo alipotolewa mwali, na usiku ndipo zilipotolewa hadithi. Mtoa hadithi hakusema peke yake. Waliomzunguka waliitikia, wakaimba pale penye wimbo, wakamsahihisha pale aliporuka neno. Shikeni sana jambo hili: katika ukumbi ule hapakuwa na mtazamaji mtupu. Kila aliyekuja alikuwa na kazi yake, ya kupiga makofi, ya kuitikia au ya kuhukumu.

Watu wenye desturi hiyo hawakushindwa na mambo mageni. Ngoma ya beni ilipozuka katika miji ya pwani, watu walitazama gwaride la askari na muziki wa matarumbeta, wakachukua walichokipenda, wakakigeuza kuwa mchezo wao. Vyama vya Marini na Arinoti vilishindana katika Dar es Salaam na Tanga, kila kimoja na vyeo vyake na mavazi yake. Baada ya vita vya 1914 hadi 1918 beni ilienea bara, kwa kuwa askari na wapagazi waliorudi makwao walirudi nayo. Hakuna mwalimu aliyetumwa kuwafundisha. Walitazama wakaelewa, kisha wakatengeneza yao.

Sasa na tuje kwenye sinema. Ndugu wawili wa Ufaransa, Auguste na Louis Lumière, walionyesha picha zao kwa watu waliolipa kiingilio, mjini Paris, tarehe 28 Desemba 1895. Haikupita miaka mingi picha hizo zikavuka bahari zikafika pwani yetu. Katika Unguja, mfanyabiashara Hassanali Adamji Jariwalla alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuzionyesha kwa biashara. Mwaka 1921 lilifunguliwa Unguja jumba la fahari lililoitwa Royal, ambalo ramani yake ilichorwa na J. H. Sinclair, Mwingereza aliyekuwa mkubwa wa serikali huko. Baadaye jumba hilo liliitwa Majestic. Liliungua moto katika miaka ya mwanzo ya 1950, na jipya likafunguliwa mahali pale pale mwaka 1955. Dar es Salaam nayo ilipata jumba la Empire mwaka 1929, kisha yakafuata mengine: Avalon, Empress, Odeon, New Chox, na mengineyo. Wengi wa waliojenga na kuendesha majumba haya walikuwa wafanyabiashara wenye asili ya Bara Hindi, waliozaliwa au kukulia hapa hapa pwani.

Picha za mwanzo zilikuwa bubu. Kisha sauti iliingia, na Bara Hindi lilitoa picha yake ya kwanza yenye sauti, Alam Ara, mwaka 1931. Toka hapo nyimbo za Kihindi ziliingia masikioni mwa watu wetu zisitoke tena. Misri nayo ilileta picha za waimbaji wake wakuu, Umm Kulthum na Mohamed Abdel Wahab, nao waimbaji wa taarabu wakapata humo mengi ya kujifunza. Na mwaka 1951 ilipotoka picha ya Awaara, ya Raj Kapoor, habari ya mtoto wa hakimu aliyekulia katika umaskini akawa mwizi, watu wa Unguja na Dar es Salaam waliipenda kama kwamba ilitungwa kwao.

Fikirini sana jambo hili. Picha ya Kihindi huchukua saa mbili na nusu au tatu. Maneno yake ni ya Kihindi. Kijana aliyetoka shamba, asiyejua hata neno moja la lugha hiyo, aliketi katika viti vya bei nafuu akaifuata tangu mwanzo hata mwisho. Alijua nani mwema na nani mwovu, alijua hakimu amemdhulumu mke wake, akacheka, akalia. Kisha akirudi kwao aliisimulia. Hatuna budi kuamini kwamba katika vijiji vingi sinema ilifika kwa kinywa kabla ya kufika kwa macho. Ilifika usiku, motoni, kwa njia ile ile iliyofika hadithi ya sungura, na wasikilizaji wakaitikia vile vile.

Twalisema neno hili kwa sababu wako waliofikiri vingine. Serikali ya ukoloni iliogopa sinema, tena iliitaka. Iliiogopa, maana ilidhani Mwafrika akiona Mzungu akiiba au akipigana katika picha atapunguza heshima yake kwa watawala. Ndiyo maana palikuwa na watu wa kukagua picha, na picha nyingine walioruhusiwa kuziona ni wa rangi nyingine tu. Iliitaka, maana iliona kwamba ni chombo kizuri cha kufundishia kilimo, afya na kodi.

Jaribio kubwa la kwanza la namna hiyo lilifanyika katika nchi yetu wenyewe. Mwaka 1935, mahali paitwapo Vugiri, katika milima ya Usambara karibu na Korogwe, Major L. A. Notcutt na wenzake walianza kutengeneza picha kwa ajili ya watu wa vijijini. Notcutt alikuwa amesimamia mashamba ya mkonge, na huko ndiko alikopata wazo la kuwaonyesha wafanya kazi picha. Fedha nyingi za jaribio hilo zilitoka kwa shirika la Carnegie la Marekani. Waliocheza katika picha hizo walikuwa wenyeji, na maneno yalitiwa katika sahani za santuri, zikapigwa pamoja na picha. Picha moja ilikuwa habari ya watu wawili wenye mishahara. Mmoja alifukia fedha zake chini, mwizi akazichimbua. Mwenziwe aliweka zake katika benki ya posta, zikawa salama. Gari la mizigo lilichukua mashine na injini ya umeme, likazunguka Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasa na Rhodesia ya Kaskazini. Jaribio lilikoma mwaka 1937, baada ya kutoa picha zipatazo 35.

Mwaka 1939 serikali ya Uingereza iliunda idara yake ya filamu kwa makoloni, nayo iliendelea na kazi hiyo mpaka 1955. Wakubwa wa idara hiyo waliamini kwamba mwanakijiji wa Afrika hawezi kufuata picha ziendazo upesi, na kwamba yampasa aonyeshwe jambo moja moja, polepole, bila ya kuruka mahali hata mahali. Basi walitengeneza picha nzito, za mwendo wa kinyonga. Nasi twauliza: mtu aliyeweza kufuata hadithi ya ukoo mzima kwa lugha asiyoijua, angeshindwaje na picha ya kuchimba choo? Kosa halikuwa katika macho ya mtazamaji, bali katika fikira za aliyemtazama mtazamaji.

Wazee walioishi zamani za gari la sinema wanaijua namna yake. Gari lilifika mchana, na watoto wakalikimbilia. Kitambaa cheupe kilitandazwa kati ya miti miwili au ubavuni mwa gari. Jua lilipokuchwa, injini ilinguruma, taa ikapiga kitambaa, wadudu wakaingia katika mwanga wakawa wakubwa kama ndege. Waliokosa nafasi mbele walikwenda nyuma ya kitambaa wakatazama kutoka huko, picha ile ile, ila maandiko yalikuwa kinyume na watu wote walikula kwa mkono wa kushoto. Na kando ya mashine alisimama mtu mwenye kipaza sauti, akieleza kwa Kiswahili mambo yaonekanayo. Huyo ndiye aliyekuwa mtoa hadithi mpya. Watu walimjibu, wakamuuliza, wakamcheka alipokosea. Serikali ilileta somo. Watu walifanya ngoma. Waliketi katika uwanja ule ule uliofagiliwa, chini ya mwembe ule ule. Ndiyo kusema ukumbi ulikuwako tangu zamani. Kilichoongezeka ni kitambaa tu.

Na hapa twataka kuwapa kisa kimoja ambacho kila mwanafunzi angefaa kukijua. Katika miaka ya mwanzo ya 1950 kampuni moja ya Afrika Kusini ilitengeneza picha za Kiswahili katika Tanganyika. Moja yake iliitwa Muhogo Mchungu, ya mwaka 1952. Ni picha ya kuchekesha, habari ya mtu wa shamba ajaye mjini asiyejua mambo ya mjini, akapatwa na mikasa ya ujinga wake. Watu waliicheka sana, na bila shaka wako wa shamba walioicheka huku moyo ukiwachoma kidogo. Lakini ni nani aliyecheza kuwa yule mshamba? Alikuwa kijana aliyeitwa Rashidi Mfaume Kawawa. Miaka kumi baadaye, mwaka 1962, kijana huyo alikuwa Waziri Mkuu wa Tanganyika huru. Yule aliyeonyeshwa kitambaani kuwa hajui kuvuka njia ya mjini, ndiye aliyekabidhiwa nchi nzima kuivusha. Kuishi kwingi ni kuona mengi.

Tumesema habari za sinema. Sasa na tuseme kidogo habari za muziki, kwa kuwa viwili hivi ni mtu na nduguye. Katika Unguja, Sultan Barghash, aliyetawala toka 1870 hata 1888, aliupenda muziki wa Misri, akampeleka Mohamed Ibrahim Cairo kujifunza. Mwaka 1905 vijana wa mjini walianzisha chama cha Ikhwani Safaa, nacho kinaendelea kupiga taarabu mpaka leo. Lakini aliyeishusha taarabu kutoka majumba ya wakubwa ikawafikia watu wote ni mwanamke aliyezaliwa shamba, kijiji cha Fumba: Siti binti Saad. Mwaka 1928 alikwenda Bombay na wenzake, sauti zao zikatiwa katika sahani za santuri kwa Kiswahili, na sahani hizo zikasikiwa pwani nzima. Tazameni tena: aliyetoka shamba ndiye aliyeupa mji sauti.

Dar es Salaam nayo ilikuwa na vyama vyake vya taarabu, kama Egyptian na Al-Watan, na bendi ya dansi ya Dar es Salaam Jazz iliyoanzishwa mwaka 1932. Kwa upande wa pili wa Gwata, Morogoro Jazz ilianza mwaka 1944, na mwaka 1948 Salum Abdallah akaanzisha huko bendi iliyokuja kujulikana kwa jina la Cuban Marimba. Salum alifariki mwaka 1965, na baada yake Morogoro ikamtoa Mbaraka Mwinshehe, aliyefariki mwaka 1979. Mtu wa pande zetu aliyeshika treni kwenda mashariki alikuta muziki, na aliyeshika treni kwenda magharibi alikuta muziki.

Kumbi hizo za mjini hazikuwa za kuchezea tu. Katika uwanja wa Mnazi Mmoja, Dar es Salaam, lilijengwa jumba la Arnautoglu, lililopewa jina la tajiri wa Kigiriki aliyelitolea fedha. Watu walicheza dansi humo, wakasoma masomo ya jioni, wakakutana. Na mwezi wa Aprili 1953, humo ndimo Julius Nyerere alimochaguliwa kuwa rais wa chama cha Waafrika wa Tanganyika, chama ambacho mwaka uliofuata, tarehe 7 Julai 1954, kiligeuka kuwa TANU. Watu waliozoea kukutana kwa furaha hawaoni taabu kukutana kwa mashauri. Hilo wazee wa uwanja wa ngoma walilijua zamani, maana uwanja uliochezewa mdundiko usiku ndio uliokaliwa baraza mchana.

Ni nini basi kilichoyapata majumba ya sinema? Baada ya uhuru yaliendelea kujaa. Mwaka 1966 Dar es Salaam ilipata sinema ya kutazamwa kutoka katika magari, na watu wasio na magari waliketi chini mbele wakafurahi vile vile. Kiwanja chake baadaye kikajengwa ubalozi wa Marekani. Mwaka 1968 serikali iliunda kampuni ya filamu ya taifa. Mwaka 1971 ilitoka sheria ya kutwaa majumba yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, na majumba mengi ya sinema yakaingia mikononi mwa serikali. Kisha miaka ya 1980 ikaleta kanda za video, na mwaka 1994 televisheni ikaanza Tanzania Bara. Watu walikaa majumbani mwao. Jumba moja baada ya jingine likafungwa, likawa duka, ghala, au nyumba ya ibada.

Lakini vijijini, pale video ilipofika, jambo la kale lilirudi. Watu walijenga vibanda vya miti na makuti, wakaweka televisheni moja na injini ndogo, wakatoza kiingilio kidogo. Na kwa kuwa picha zilikuwa za Kihindi, za Kichina au za Kimarekani, alitokea mtu wa kuzifasiri kwa Kiswahili, akatia utani wake, akawapa wachezaji majina ya hapa petu. Mtu huyo ni mjukuu wa yule aliyesimama na kipaza sauti kando ya gari, naye ni kitukuu cha mtoa hadithi wa motoni.

Sasa twaweza kumjibu yule mtu wa Gwata aliyetuuliza mwanzo. Ndugu yetu, ni kweli hukujengewa jumba. Lakini majumba yaliyojengwa mjini yamefungwa, na uwanja wako upo. Kilichofanya ukumbi uwe ukumbi hakikuwa kuta wala viti vya mto. Kilikuwa watu waliokuja pamoja, wakatazama kitu kimoja kwa wakati mmoja, kisha wakakizungumza. Siku hizi kila kijana ana sinema yake ndogo katika kiganja cha mkono, katika simu. Aweza kuona picha za ulimwengu mzima, tena bila ya kulipa kiingilio cha mlangoni. Hatulaumu. Ila twaona kwamba aghalabu hutazama peke yake, hucheka peke yake, na hana wa kumwuliza, "Je, yule alifanya haki?" Aliyeketi uwanjani aliuliza swali hilo kwa sauti, na mzee wa nyuma yake akamjibu.

Na liko jambo la kufanya upesi. Walioliona gari la sinema utotoni mwao sasa ni wazee sana, na kila mwaka wanapungua. Habari za majumba makubwa zimeandikwa vitabuni. Habari za uwanja wa kijiji zimo katika vichwa vya wazee hao tu. Ninyi wanafunzi mnaojua kuandika, chukueni daftari. Nendeni kwa bibi na babu jioni moja, muwaamkie, mkae chini, muwaulize: Mara ya kwanza kuona picha ziendazo ilikuwa wapi? Ulikwenda na nani? Nani alieleza? Ni picha gani uliyoisimulia uliporudi, na waliokusikiliza walisema nini? Andikeni kila neno, pamoja na jina la kijiji na mwaka ikiwa wanaukumbuka.

Nanyi mtakapomaliza kuandika, msiifunge daftari mkaiweka sandukuni. Isomeni kwa sauti mbele ya watu, uwanjani, chini ya mwembe. Wako watakaocheka, na wako watakaosema, "La, haikuwa hivyo," na kuanza kuieleza upya. Hapo mtajua kwamba ukumbi umefunguliwa tena.